Ile filamu ya viatu: nimuoneshe mwanangu saa hizi au nisubiri?

BintiWete

Asalaam alaykum. Nna suali lakini nisameheni ntaanza mbali kidogo.

Mwanangu wa kwanza ana miaka 9, mtoto mzuri alhamdulillah, ila haya zimemzidi. Skuli mwalimu akiuliza jibu analo na hasemi. Juzi nimemtuma duka la hapa hapa jirani, sukari nusu kilo tu, nikaona kimya, robo saa nzima. Nikatoka kumfata. Nimemkuta kasimama pembeni ya dirisha la duka, noti kaikunja na kuikunja mpaka imekuwa kama punje ya hindi, kila akija mkubwa anampisha, akija mwengine anampisha, na muuza duka wala hajamuona. Roho iliniuma sana kwa sababu yule pale ni mimi. Mimi nilikuwa hivyo hivyo na pengine zaidi.

Na mimi kilichonifungua mdomo, baada ya Mungu, ni filamu moja. Najua wengine mtashangaa lakini ndo ukweli wangu.

Nimezaliwa Wete, tumekulia shamba huko ndani. Nilikuwa na miaka 10, msimu wa karafuu, mjomba wangu akaja kutoka Unguja na deki ya video na televisheni ndogo kaifunga kwa shuka asije ikavunjika kwenye meli. Umeme wa Pemba wakati ule ni wa majenereta ya Wesha, waya wa chini ya bahari kutoka Tanga umekuja 2010, na kwetu shamba hata huo wa Wesha haukufika, basi mjomba akaazima jenereta ya mtu wa harusi. Sisi usiku wa msimu hakuna kulala mapema, karafuu zikishashuka shamba lazima zichambuliwe, na kesho zianikwe. Kwa hiyo tukaangalia filamu huku tunachambua, watu wazima na watoto, tumezunguka jamvi, mkono huu umeshika kikonyo mkono huu unatoa karafuu, macho kwenye TV. Mpaka leo nikisikia harufu ya karafuu mbichi naiona ile filamu.

Ni ya Iran, jina Children of Heaven, kaitengeneza Majid Majidi mwaka 1997. Sisi tukiita filamu ya viatu tu. Ali anapeleka viatu vya dada yake Zahra kwa fundi, anapita kununua mbatata, anaviweka chini, vinapotea. Kwao hawana kitu, kodi ya nyumba inadaiwa, mama mgonjwa. Basi wale watoto wanaamua wasiseme, wanavaa raba moja wawili. Zahra anakwenda skuli asubuhi na raba za kakake, zinamvuka, akitoka anakimbia mbio vichochoroni anakutana na Ali, wanabadilishana, Ali anakimbia zamu ya mchana na kila siku anachelewa. Sisi hilo hatukuhitaji kuelezwa, skuli yetu ilikuwa na mikondo miwili, mimi asubuhi kakangu mchana, na kuna kitabu cha hesabu tulikuwa tunapokezana njiani vile vile.

Filamu inasema Kifursi, maandishi ya chini Kiingereza, mjomba ndo alikuwa anatufasiria kwa kupiga kelele juu ya jenereta. Na sehemu iliyoniingia mimi siyo ya mbio wanayoipenda watu wote. Ni pale babake Ali anamchukua kwa baiskeli kwenda mitaa ya matajiri wa Tehran kutafuta kazi ya bustani. Nyumba zina mageti marefu, unabonyeza kengele mtu anakujibu kwa kispika cha ukutani humuoni. Yule baba, mtu mzima, mkali kwake, pale anababaika. Maneno hayatoki. Geti hili wanafukuzwa, geti lile anashindwa. Mara Ali anasogea mdomo wake kwenye kile kispika anasema yeye. Kwa adabu, sauti ndogo, lakini kila neno limekamilika. Babake anamtazama mwanawe kama ndo kwanza anamuona. Mjomba alipofasiri pale mimi mikono yangu ilisimama, bibi akanambia chambua wewe, sikumsikia.

Miaka miwili baadae tukahamia Unguja. Nikawa mgeni, skuli wananicheka nikisema "kyakula" badala ya chakula, nikanyamaza kabisa, mwaka mzima wenzangu hawaijui sauti yangu. Siku moja mamangu kanichukua ofisi fulani kufatilia cheti changu cha kuzaliwa. Tumefika dirishani, karani anasema haraka haraka bila kuinua macho, mama akaeleza kwa Kipemba chake, yule akageukia mwenziwe wakacheka. Mamangu mimi, ambaye msimu mzima anasimamia wachumaji na pishi moja haimpotei, nikamuona anashika ncha ya kanga yake anaitazama. Wallahi nikasikia ile jenereta kichwani. Nikasogeza mdomo kwenye kile kitundu cha dirisha, hata sikufika vizuri nilisimama kwa vidole, nikasema tunataka cheti, jina langu fulani, nimezaliwa mwaka fulani, hospitali fulani, na mamangu kashaeleza mara moja. Karani akaandika. Tulipotoka nje mama hakusema kitu, kaninunulia juisi ya miwa, akaniangalia nainywa mpaka mwisho.

Toka siku ile nikasema. Saa hizi kazi yangu mwenyewe ni ya kukaa dirishani kuhudumia watu, na mtu wa shamba akija akababaika mimi namngoja mpaka amalize.

Sasa suali. Nataka kumuonesha mwanangu. Baba watoto hataki. Anasema filamu nzima ni watoto wanawaficha wazee wao jambo, na wanaoficha ndo tunaowapenda, mtoto wa miaka 9 atatoka na hilo tu. Na sijui kama kakosea kwa sababu mimi nilipoiona sikuwa mzazi. Nyinyi mnaonaje? Na kuna yeyote ambaye filamu ya utotoni ilimjenga au ni mimi peke yangu?

Mzee wa Vuga

Waalaykum salaam mwanangu. Hupo peke yako.

Mimi ni mtoto wa Ng'ambo, nimekuwa wakati sinema ziko tele mjini, Majestic pale Vuga (ile ya zamani iliungua, hii tunayoijua ikajengwa 1955), Empire Malindi. Sikukuu ukishavaa nguo mpya ukishapita kwa wazee ukapata mkono wa Idd, vijana wengine Mnazi Mmoja kwenye pembea, sisi moja kwa moja Vuga. TVZ, televisheni ya Zanzibar, ikaja miaka ya 1970, tena ya rangi, bara wenzetu walingoja mpaka 1994, lakini sinema ya ukumbini ni kitu chengine, watu mia kadhaa mnalia pamoja na hakuna anayemcheka mwenziwe.

Mimi filamu yangu Mother India. Ya 1957 lakini hapa ilikuwa ikirudi rudi, mimi nimeiona nna miaka kama 11, nimekaa na marehemu mama na mashoga zake safu nzima ya mabuibui. Nargis ni mama aliyelea watoto wake kwa shida, njaa, deni la tajiri wa kijiji, jembe anavuta mwenyewe. Wanawe wawili, mdogo ndo kipenzi chake, mkorofi lakini kipenzi. Na mwisho yule kipenzi anageuka jambazi, anamteka binti wa yule tajiri siku ya harusi yake, anataka kumvunjia heshima. Mama anachukua bunduki anamwambia muachie, kwa sababu huyu ni binti wa kijiji na heshima yake ni heshima yangu. Mtoto anamwambia huwezi kunipiga, wewe ni mama yangu. Anampiga. Kisha anamkimbilia anamkumbatia.

Ukumbi ulinyamaza. Mama njia nzima kutoka Vuga mpaka nyumbani hakusema, tulipofika mlangoni kanishika bega kanambia "nakupenda sana lakini ukimdhulumu mtu usinikimbilie mimi". Nilikuwa mdogo lakini nilielewa.

Nimekuwa na watoto sita na miaka mingi nimekuwa mtu wa kusuluhisha mtaani, ndoa, mipaka ya viwanja, vijana waliopigana. Imeshanifika zaidi ya mara moja mkosa ni mwanangu. Siku ya kwanza nilitamani kujificha. Nikakaa kitako nikasema mbele ya watu mwanangu kakosa na atalipa. Yeye hakusema na mimi miezi minne. Saa hizi ndo anayenipeleka hospitali.

Kuhusu mumeo, msikilize, lakini asiamue peke yake. Kaeni naye muangalie pamoja. Mimi mama hakunipeleka sinema nikaangalie, kanipeleka tukaangalie.

AbuHanan

Asalaam alaykum. Mimi nina mtazamo tofauti kidogo na nausema kwa mapenzi.

Dada umesema mwanao "haya zimemzidi" kama vile ni maradhi. Mtume (SAW) kasema haya ni katika imani. Mtoto anayempisha mkubwa dukani kalelewa vizuri, usimuondoshee hilo. Mimi nnachoona hapa ni vitu viwili vimechanganywa, haya na woga. Haya inamzuia mtu kufanya baya. Woga unamzuia hata kudai haki yake. Huyo mtoto mtie nguvu kwenye la pili bila kumvua la kwanza.

Na itikadi ya mtoto tusiiweke kwenye filamu. Inatoka chuoni kwenye Qurani, inatoka kwa wazee wake, anavyomuona baba akirudisha chenji iliyozidi. Mimi chuoni kwetu mwalimu wetu alikuwa anamsimamisha mmoja kila siku kusoma mbele ya wenziwe, ukitetemeka anasema rudia, hakufokei, rudia tu. Sikuhitaji TV.

Lakini nakubali kitu kimoja. Hiyo filamu nimeiona ukubwani. Pale baba kakaa anavunja sukari ya msikiti, rundo la sukari mbele yake, binti anamletea chai, anaomba sukari, binti anamwambia si hiyo hapo, anasema hii ni amana ya msikiti mwanangu. Na anangoja aletewe ya nyumbani. Pale nilisimamisha nikamwita mke wangu aje aone. Darsa ya amana nimetoa mara nyingi, sijawahi kuitoa kwa ufupi ule.

BintiWete

AbuHanan, hapo kwenye sukari ndo bibi yangu aliacha kuchambua! Kasema "huyo mwanamme" basi. Na umenisaidia kweli kwenye haya na woga, sikuwa na maneno ya kulitenganisha, nilikuwa najua tu kwamba sitaki mwanangu awe mtu wa kusukuma watu.

Mzee shikamoo. Maneno ya mamako nimeyaandika kwenye daftari.

Mwl_Kengeja

Nimefundisha msingi miaka 14, mingi Pemba kusini. Hii filamu nimewaonesha darasa la tano mara tatu, miaka tofauti, kwa laptopu yangu na spika ya kuazima, madirisha tumeyaziba kwa magunia. Nakupa nilichokiona mimi.

Kwanza ondoa hofu ya kuficha. Watoto wanaliona kosa wenyewe, tena kabla yako. Kila mara kuna mmoja anapiga kelele "kwa nini asimwambie babake!" Na filamu haimpi Ali raha kwa kuficha, ni tabu tupu, anachelewa, anafukuzwa na mwalimu mkuu, raba inaangukia mfereji wa maji Zahra anaikimbilia analia, usiku hawalali. Mtoto hatamani hata siku moja kuwa yeye. Anachotamani ni kuwa na kaka kama yeye.

Pili usimuulize masuali mwisho. Mara ya kwanza nilifanya kosa hilo, imeisha tu nikasimama ubaoni "tumejifunza nini", wakanipa majibu ya mtihani, uvumilivu, upendo, ushirikiano. Mara ya pili nikanyamaza, nikazima, nikaanza kukunja magunia. Ndo wakasema. Walibishana nusu saa kuhusu yule mtoto Roya. Mnakumbuka, Zahra anaviona viatu vyake kwenye miguu ya mtoto mwengine skuli, anamfata mpaka kwao, anarudi tena na Ali, wamejificha wanachungulia, wamekuja kudai haki yao. Mlango unafunguka anatoka babake Roya, kipofu, anachuuza mitaani, binti anamshika mkono. Wale wawili wanatazamana, wanaondoka. Hakuna hata neno moja. Darasa langu nusu wanasema viatu ni vya Zahra basi ni vyake, nusu wanasema hapana. Msichana mmoja ambaye mwaka mzima sikuwahi kumsikia kasimama, kasema "walikwenda wakidhani wao ndo maskini". Kakaa. Hakuna aliyembishia.

Mimi ndo nikaelewa ile filamu siku hiyo, miaka kumi baada ya kuiona.

Tatu, kwenye mbio mtayarishe. Ali anataka awe wa tatu kwa sababu zawadi ya tatu ni raba, anakuwa wa kwanza, wanampiga picha na yeye analia. Watoto wadogo wanachanganyikiwa pale, kwetu tumewazoesha wa kwanza ndo anacheka. Usimueleze. Muache achanganyikiwe.

FundiDarajani

Mimi nashona viatu Darajani mwaka wa 22 huu. Sijui mambo ya malezi sana, ila nataka niseme kitu kwenye hii filamu ambacho watu hawakisemi. Inaanza na mikono ya fundi. Kabla hujamuona Ali, kabla ya kila kitu, unaona mikono imeshika kiatu kidogo cha waridi kimechakaa, sindano inaingia uzi unavutwa, muda mrefu kabisa, na hawakati. Mimi nilitoka machozi hapo hapo mwanzo wenzangu wakaniuliza kimetokea nini hata hakijatokea kitu. Sijawahi kuona mtu anaitazama kazi yangu hivyo.

Viatu vya skuli vikiletwa Januari karibu na kufungua, mtoto mwenyewe akaja kavishika, siku hizi namwambia kaa hapa uone navyoshona. Na nikimaliza nampa mkononi, simpi mtu mwengine.

Dada muoneshe.

Salma_Jangombe

Da Binti nimesoma yote hadi mwisho nipo kazini machozi yananitoka. Mimi sikuwa na filamu lakini nilikuwa na huyo mama wa dirishani, mamangu ni mtu wa Micheweni na kila ofisi alikuwa ananisukuma mimi mbele "sema wewe unasoma". Nilikuwa namkasirikia, nadhani ananionea. Nimeelewa leo kwamba alikuwa anaogopa. Nampigia saa hizi.

BintiWete

Jamani nimerudi. Jana usiku tumeangalia.

Nilimsomesha baba watoto majibu yenu yote, la AbuHanan kalisoma mara mbili. Kasema haya, lakini mimi nakaa. Kwanza kakaa mlangoni kama anayepita. Kwenye sukari ya msikiti kaingia ndani. Kwenye geti alikuwa keshakaa chini na mto.

Mwanangu hakusema kitu mwanzo wote, kajifunika shuka mpaka puani. Zahra na Ali walivyokuwa wanafua ile raba, yale mapovu ya sabuni wanayapulizia, kacheka kidogo. Mimi nilikuwa natazama yeye sitazami TV. Tumefika kwenye geti, kile kispika, babake Ali anababaika. Nikamuona mwanangu anamtazama babake yeye, yaani mume wangu, siyo wa kwenye filamu. Kamtazama muda. Ali akasogea akasema. Mwanangu kashusha shuka, kasema "rudisha nyuma". Tukarudisha. Kasema tena rudisha. Mara ya tatu midomo yake ilikuwa inatembea, sauti haitoki lakini inatembea, na Kifursi hakijui.

Mwisho, Ali karudi nyumbani kavua raba zimepasuka, miguu ina malengelenge kaitia kwenye kile kibirika cha uani, samaki wanamzunguka. Mwanangu kauliza kama samaki wanauma. Babake kamjibu hapana, wanambusu. Nilivyomjua mume wangu miaka 11 sikutegemea jibu hilo.

Mwalimu nilifata maneno yako, sikuuliza kitu, nilianza kukunja mashuka. Alikuja jikoni baadae kasimama nyuma yangu kasema "mama, lakini babake Zahra alikuwa ameshanunua viatu, niliviona kwenye baiskeli, wao hawajui". Mimi nimeiona ile filamu zaidi ya mara kumi na siku ya kwanza na jenereta inapiga kelele hicho kipande kilinipita kabisa, nilikuja kukiona ukubwani. Yeye kakiona mara moja.

Dukani sijamtuma bado, na sina haraka. Leo keshaniambia anataka tena kuanzia kwenye geti, na kasema safari hii jenereta tufanye sisi kwa mdomo kama ilivyokuwa Pemba, nimekwisha mhadithia. Naona babake anatafuta mto.